Picha Zangu Tano za Mwaka 2007

Desemba iliyopita tulikaa kijiweni Kinondoni, watu wanne tunaopenda sinema kuliko usingizi, tukaanzisha ubishi wetu wa kila mwaka: mwaka gani ulikuwa mzuri kuliko yote kwa picha? Mmoja akasema 1994, akataja Pulp Fiction na The Shawshank Redemption. Wa pili akasema 1999, kwa ajili ya The Matrix na Fight Club. Wa tatu akasema 2019, na sababu yake ilikuwa moja tu, Parasite ya Wakorea. Ikafika zamu yangu. Nikasema 2007.

"Taja tano," wakaniambia.

Nikataja: Titanic, Nagina, Drunken Master, Dar 2 Lagos na Commando.

Wakacheka mpaka muuza kahawa akageuka. Mmoja akatoa simu akaanza kusoma tarehe kama karani wa mahakama anayesoma mashtaka. Titanic, 1997. Nagina, 1986. Drunken Master, 1978. Dar 2 Lagos, 2006. Commando, 1985. "Hakuna hata moja ya 2007, mzee. Umefeli zote."

Ni kweli, hakuna hata moja iliyotoka mwaka huo. Lakini zote tano niliziona mara ya kwanza mwaka huo, ndani ya banda moja la bati kule Mbagala, nikiwa darasa la saba. Na kwetu hesabu ya miaka ilikwenda hivyo. Picha ilizaliwa siku ilipofika mtaani. Kabla ya hapo haikuwepo.

Naandika kuitetea orodha yangu. Naandika pia kwa sababu kuna mtu mmoja ndani ya orodha hiyo ambaye pale kijiweni sikumtaja.

Banda lenyewe

Lilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa. Kuta zake zilikuwa mabati makuukuu, na matundu yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Mabenchi yalikuwa ya mbao ambazo hazikupigwa randa, ukikaa vibaya unaondoka na kibanzi. Mbele, juu ya meza iliyofungwa kwa mnyororo, kulikuwa na runinga moja ya inchi 21 na deki. Watu huyaita mabanda ya aina hiyo "banda umiza", na aliyelibuni jina hilo alikuwa amewahi kuingia. Kiingilio kilikuwa shilingi 100 kwa mtu mzima na 50 kwa mtoto. Siku za mpira wa Ulaya bei ilipanda mara mbili, na watoto tulifukuzwa.

Mwaka uliotangulia, 2006, ukame ulikausha mabwawa ya umeme na nchi ikaingia kwenye mgao mkali. Banda lilikaa giza siku nyingi kuliko lilivyokaa wazi, na mwenye banda alishaanza kutafuta mnunuzi wa deki. Kwa hiyo 2007, umeme ulipotulia, banda lilifunguka kwa pupa: picha asubuhi, picha mchana, picha jioni. Mwaka huo huo uwanja mpya wa Taifa ulifunguliwa hapo hapo wilayani kwetu Temeke, wa kuchukua watu 60,000. Wakubwa wote walizungumza habari za uwanja. Sisi ukumbi wetu ulikuwa wa watu arobaini, ukibeba sitini.

1. Titanic

Picha hii ilitoka Marekani mwishoni mwa 1997. Mimi niliiona miaka kumi baadaye, na haikuwa ya James Cameron. Ilikuwa ya Lufufu.

Kwa mliozaliwa juzi: Lufufu alikuwa mtafsiri wa picha, na pengine ndiye aliyejulikana kuliko wote Dar es Salaam. Sauti yake ilirekodiwa juu ya sauti ya picha, na mkanda huo ukazunguka mabanda ya mji mzima. Na kusema "alitafsiri" ni kumpunja. Alikueleza huyu ni nani na yule ana nia gani. Alikuonya kabla ya hatari. Alicheka na kugomba na kukumbusha kilichotokea nusu saa nyuma, ili aliyechelewa naye aelewe. Mtu alikuwa hasemi "leo kuna Titanic." Alisema "leo kuna Titanic ya Lufufu," na tofauti hiyo ilikuwa na thamani ya kiingilio.

Chuoni nilikuja kujifunza kwamba kazi hiyo ni ya zamani kuliko Lufufu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa filamu za kuelimisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Lori lilizunguka Afrika Mashariki na kusini yake likionyesha filamu za kilimo na afya, na maelezo yakitolewa kwa lugha za wenyeji. Baada ya vita magari ya sinema yakaendelea kupita vijijini, na zikaja hata filamu za Kiswahili. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika mojawapo, Muhogo Mchungu, miaka ya mwanzo ya 1950. Kwenye sinema ya serikali, msemaji alikuwepo ili mtazamaji asielewe vingine. Aelewe choo ni nini na minyoo ni nini, basi. Watafsiri wa mabanda waliichukua kazi hiyo hiyo ya kusimama kati ya picha na watu, wakaigeuza. Wao walikuwa upande wa watu.

Bibi yangu alikuwa hajawahi kuingia bandani. Alisema ni mahali pa wahuni, na hakukosea sana. Lakini alikuwa mtu wa Bukoba, na tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, mdogo wake akiwamo. Siku moja mtu mmoja nyumbani akamwambia: "Bibi, ipo picha ya meli iliyozama, na inaelezwa kwa Kiswahili chote." Bibi akajifunga khanga, akaenda.

Vijana wa benchi la mbele walimpisha. Alitazama saa tatu nzima bila kusema. Watu walipoanza kuteleza kwenye sitaha aliinamisha kichwa, akawa anamsikiliza Lufufu tu, macho chini, kama mtu anayesikiliza redio. Tulipotoka alisema maneno mawili: "Maji baridi." Baadaye sana nilielewa kwamba kwa miaka kumi na moja alikuwa akijiuliza mdogo wake alikufaje, na hakuwa na wa kumwuliza.

Nilikuja kuiona Titanic tena chuoni, kwa Kiingereza chake, picha safi, sauti safi. Ni picha nzuri. Lakini kila baada ya dakika chache palikuwa na kimya mahali ambapo zamani palikuwa na mtu.

2. Nagina

Jumamosi asubuhi banda lilikuwa la kina mama. Wahuni walikaa nje wakisubiri zamu yao, na ndani zilikwenda picha za Kihindi, ambazo hazikuwa na mtafsiri wala hakuna aliyemtaka. Mama yangu hajui Kihindi, lakini ukimwambia hivyo anashangaa. Amezitazama tangu utoto, kama mama yake kabla yake. Pwani yetu ina uzoefu mrefu na picha hizi. Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa hapa kiasi kwamba wazee wengine bado wanaweza kukuimbia.

Nagina ni ya 1986. Sridevi ni nyoka aliyejigeuza mwanamke, ameolewa na kijana wa kitajiri, Rishi Kapoor, na mganga wa nyoka, Amrish Puri, anakuja na zumari yake kumtoa. Mwishoni Sridevi anacheza mbele ya mganga, macho yamemgeuka, na zumari inamvuta huku yeye akipigana nayo. Mama na wenzake walikuwa wanafahamu kila hatua ya ngoma ile. Walisemeshana na runinga. "Usimtazame! Usimtazame machoni!"

Niliipenda kwa sababu moja ambayo nimeielewa ukubwani. Picha nyingi nilizoziona mwaka ule, adui alikuwa anajulikana tangu dakika ya kwanza. Kwenye Nagina, benchi zima la wanawake lilikuwa upande wa nyoka. Mama mkwe, mganga, sheria za nyumba, vyote vilikuwa upande wa pili. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimekaa chini miguuni pa mama, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba anayeogopwa anaweza kuwa ndiye mwenye haki.

Sridevi alipofariki Dubai, Februari 2018, Mama alinipigia simu. Alikuwa analia. Nikajua ni msiba wa ukoo. Ulikuwa wa ukoo.

3. Drunken Master

Hii ni ya Mjomba, kwa sababu ndiye aliyetuambia tuitafute. Ujana wake aliutumia kwenye sinema za mjini: Empire, Avalon, Odeon, Chox. Alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Temeke ili nauli iwe kiingilio. Alimwona Bruce Lee katika Enter the Dragon, picha ya 1973, mwaka ule ule Bruce Lee alipokufa, na Mjomba anasema wiki iliyofuata hakuna mlango Temeke ambao haukupigwa teke. Zama hizo hata sinema ya magari tulikuwa nayo. Ilifunguliwa 1966 upande wa Msasani, watu wakitazama wakiwa ndani ya gari au wamekaa kwenye mikeka. Siku hizi hapo ni Ubalozi wa Marekani, na daladala bado zinashusha abiria "Drive-In", ingawa ukimwuliza konda kwa nini panaitwa hivyo hajui.

Sinema za mjini zilikufa taratibu. Serikali ilianzisha kampuni ya filamu ya taifa, Tanzania Film Company, 1968, na uagizaji wa picha ukaja kuwa mikononi mwake. Miaka ya themanini fedha za kigeni ziliadimika, mikanda ya video ikaingia, na 1994 runinga ikaanza Bara, na ITV ikaingia sebuleni. Kumbi kubwa zikageuka maghala, maduka na makanisa. Mjini sinema ilikufa. Uswahilini ndiyo kwanza ilizaliwa, ndani ya bati.

Drunken Master ni Jackie Chan wa 1978, kijana mtundu asiyetaka kazi, baba yake anampeleka kwa mzee mlevi akanyooshwe. Mkanda tulioupata haukuwa na Lufufu wala mtafsiri mwingine yeyote. Sauti ilikuwa Kiingereza kilichobandikwa juu ya midomo ya Kichina. Hapo ndipo anapoingia mtu niliyeficha jina lake kijiweni.

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimaliza la saba, hakuchaguliwa, akawa anasukuma mkokoteni wa maji asubuhi na kufungua banda mchana. Mwenye banda alimwachia funguo kwa sababu hakunywa. Siku moja watu walianza kunung'unika kwamba mkanda hauna tafsiri, kaka akashika kipaza sauti cha kutangazia ratiba, akapunguza sauti ya runinga, akaanza. Kuanzia hapo kila picha isiyo na Lufufu ilikuwa yake.

Alikuwa na kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kuanza, kohoo moja fupi. Watu walinyamaza wakiisikia. Mzee mlevi wa Drunken Master, mikononi mwake, alikuwa mzee wa Mtwara anayekunywa uraka wa korosho, na kila pigo la kung fu lilikuwa na jina: "fungua mlango", "chota maji", "mkwe amekuja". Wiki nzima tulipigana kwa majina hayo. Mpaka leo nikiona mtu amejikwaa njiani, kichwani nasikia "mkwe amekuja".

Ndiye aliyempeleka Bibi kwenye Titanic.

4. Dar 2 Lagos

Hii haikuhitaji mtu. Steven Kanumba, ambaye tulikuwa tunamfahamu kwenye michezo ya runinga ya Kaole, sasa alikuwa kwenye picha moja na Wanigeria. Ilitoka 2006 na ikafika bandani kwetu mwaka uliofuata. Jina lake lenyewe lilitutosha. Tulishazoea picha za Nigeria zenye majumba, waganga na mama wakwe wakali. Kuona mtu wetu kapanda ndege kwenda kwao kuigiza nao tulikuchukulia kama tunavyochukulia timu ya taifa kushinda ugenini.

Banda lilijaa mpaka nje. Watu walisikiliza kila neno, wakabishana kuhusu nguo, kuhusu lafudhi, kuhusu nyumba ile kama ipo Mbezi au Lagos kweli. Ilikuwa mara ya kwanza naona watu wakitazama picha na kusema, "Pale napajua."

Nakumbuka pia alivyokaa kaka yangu. Kipaza sauti kilikuwa mezani. Mwenye banda alimwambia kwa utani, "Leo pumzika, hawa wanajisemea wenyewe." Kaka alicheka. Lakini mwaka ule picha za Kibongo ziliongezeka kila wiki, na kila moja ilikuwa siku moja ambayo hakuhitajika. Nilikuwa mtoto, nikafurahia tu.

Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Siku tatu baadaye aliagwa viwanja vya Leaders na kuzikwa makaburi ya Kinondoni, na mimi nilikuwa ndani ya umati ule, nimekwama kwenye ukuta, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Watu walikuwa juu ya miti na juu ya mabati ya maduka. Kando yangu mama mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake mfupi asiyeona: "Sasa gari linaingia. Sasa wanafungua mlango. Sasa wanamshusha." Nikamfikiria kaka.

5. Commando

Nimeiweka mwisho, na ningeweza kuiacha.

Mtihani wa darasa la saba tuliufanya Septemba. Baada yake Mama alinilipia masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, miezi mitatu ya Kiingereza chini ya mwembe, mwalimu mmoja na watoto themanini. Tulikariri vitenzi kwa kuimba. Kufika Desemba nilikuwa na maneno kama mia tatu ya Kiingereza, na kiburi cha mtu mwenye elfu thelathini.

Commando ni picha ya 1985. Arnold Schwarzenegger ni askari aliyestaafu. Majambazi wanamteka binti yake, naye anawasaka mmoja mmoja mpaka ampate. Hakuna zaidi. Lakini ndiyo picha iliyojaza banda kuliko zote, kwa sababu stelingi alikuwa baba, na aliyetekwa alikuwa mtoto. Mwanzoni mwa picha Arnold anaonekana amebeba gogo zima la mti begani. Kaka alikuwa anasema, "Huyu anatoka kukata kuni Rufiji," na watu wanajibu, "Rufiji!"

Katikati kuna sehemu ambapo Arnold anamshika jambazi mmoja mguu na kumning'iniza juu ya korongo, kwa mkono mmoja. Wanasemeshana maneno machache. Kisha anamwachia.

Kwenye tafsiri ya kaka yangu, jambazi yule alikuwa anaomba. Alisema ana mama yake Tandahimba, mgonjwa, amemtumia hela za korosho lakini hazijafika, apewe nafasi akamwage. Arnold anamjibu: "Usijali, salamu nitazifikisha mimi." Banda lilikuwa linapasuka kwa kicheko na kwa huruma, vyote pamoja. Nilishaiona mara tatu. Mara ya nne, Jumapili moja ya Desemba, banda limejaa, nikasikia kwa mara ya kwanza neno la Kiingereza lililotoka mdomoni mwa Arnold. Lilikuwa kwenye orodha ya vitenzi tuliyoikariri wiki ile.

Nikasimama juu ya benchi. "Siyo hivyo! Hajasema salamu! Amesema alidanganya! Alimwahidi atamwua mwisho, na amesema alidanganya!"

Nilikuwa sahihi. Ndivyo anavyosema. Hata sehemu ya ahadi niliibahatisha tu, kwa sababu nilikumbuka ilivyokuwa mwanzoni mwa picha, lakini nilikuwa sahihi.

Kimya. Kisha kijana mmoja wa benchi la nyuma akasema: "Kumbe muda wote huu anatudanganya!" Na banda likacheka. Safari hii halikumcheka jambazi. "Tandahimba!" wakapiga kelele. "Mama mgonjwa! Turudishie hela zetu!" Ulikuwa utani, nusu yake. Kaka alisubiri wanyamaze. Hawakunyamaza. Akaongeza sauti ya runinga mpaka Kiingereza kikajaa banda zima, akaweka kipaza sauti mezani, akatoka nje kwenda kuangalia mkokoteni wake.

Hakunipiga. Hakuniambia kitu. Jioni tulikula sahani moja kama kawaida. Januari nilianza kidato cha kwanza na yeye ndiye aliyeninunulia viatu. Lakini kipaza sauti hakukishika tena. Mwenye banda alimbembeleza. Wateja walimbembeleza, wale wale. Alisema mikanda ya Lufufu ipo ya kutosha.

Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la jeshi Mbagala. Zaidi ya watu ishirini walikufa na nyumba nyingi zilibomoka au kupasuka kuta. Tulikimbia kuelekea mjini, bila viatu, mimi na Mama na Bibi kwenye mkokoteni, kaka akisukuma. Hakuna aliyesema ni kama picha. Tuliporudi banda lilikuwa limelala upande mmoja. Mwenye banda aliuza mabati yaliyopona, na huo ukawa mwisho wake.

Baada ya picha

Mwaka wangu wa pili chuoni nilisoma kuhusu Japani. Zama za filamu bubu, kila ukumbi wa sinema kule ulikuwa na msimulizi aliyekaa kando ya kitambaa na kuisema picha nzima: sauti za wote, mawazo ya wote. Waliitwa benshi, na watu walikwenda kwa jina la benshi kuliko kwa jina la picha. Akira Kurosawa, mwongozaji mkubwa kuliko wote wa Kijapani, alikuwa na kaka yake, Heigo, aliyefanya kazi hiyo Tokyo. Heigo ndiye aliyemfundisha mdogo wake kupenda sinema. Filamu zenye sauti zilipofika kazi ikaisha, benshi wakagoma, wakashindwa. Mwaka 1933 Heigo alijiua.

Nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba. Nikampigia kaka simu bila sababu. Akaniuliza kama nimeishiwa hela.

Siku hizi nikisoma habari za wenzetu wa Kampala wanaoitwa vijei, au DJ Afro wa Kenya ambaye sauti yake imefika kila kijiji, naona wasomi wanawaita wasanii, na ni haki yao. Kaka yangu hatakuwamo kwenye utafiti wowote. Hakurekodiwa hata siku moja. Kazi yake yote ilikuwa ya papo hapo, na kilichobaki kipo kwenye vichwa vya watu wa Mbagala wenye miaka thelathini na kitu, ambao nao wanadhani ni Jackie Chan ndiye aliyesema "mkwe amekuja".

Kwa hiyo ndiyo, marafiki zangu wa Kinondoni, nimefeli zote. Hakuna picha ya 2007 kwenye orodha yangu. Nilichokuwa nakitaja ni mahali pamoja na sauti moja, na sikujua namna ya kukitaja bila kueleza nilivyoinyamazisha.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa kaka, Chamazi. Sasa ni fundi wa majokofu, na mlango wa uani umezungukwa na mafriji yaliyokufa. Binti yake ana miaka tisa. Nilikuwa nimeweka Commando kwenye kompyuta, nikamwambia hii ndiyo tuliyokuwa tunatazama mimi na baba yako. Tukakaa watatu kwenye mkeka. Kaka alikuwa na kifaa fulani cha friji mapajani, anakikaza kwa bisibisi, hatazami sana.

"Bamdogo, anasema nini?" mtoto aliuliza kila dakika. Nami nikamtafsiria, sahihi, neno kwa neno. Gogo la mti lilipita bila mtu kusema Rufiji. Mtoto alianza kupiga miayo.

Tukafika kwenye korongo. Arnold akamshika yule bwana mguu.

"Bamdogo, amemwambia nini?"

"Hapo sikusikia vizuri," nikasema. "Mwulize baba yako."

Kaka akaacha bisibisi. Akaniangalia kwa muda. Kisha akakohoa, kohoo moja fupi.

"Huyu jambazi," akamwambia binti yake, "ana mama yake Tandahimba. Mgonjwa. Anaomba aachiwe akamwage."

Mtoto akakaa vizuri. "Atamwachia?"

"Wewe tazama," kaka akasema, akasogea karibu na kompyuta, akapunguza sauti.